Posa Iliyozuiwa na Theluji

Theluji ikianguka Amman, mji mzima unafurahi isipokuwa mwanamke anayengoja washenga. Ijumaa ile mwanamke huyo nilikuwa mimi.

Ilikuwa siku ya pili mji umefungwa. Shule hakuna, ofisi hakuna, na mteremko wa kutoka kwetu Ashrafiya umekuwa kama uliopakwa sabuni. Serikali ilipotangaza likizo, kina mama wa jengo letu tulivamia duka la mikate kama watu waliosikia kuna vita. Nilirudi na mifuko ya mikate na kidole cha mguu kilichokanyagwa na Mama Shadi wa ghorofa ya juu, ambaye wala hakuomba radhi. Alinikumbatia katikati ya foleni akapiga kelele, "Likizo, Hanadi! Likizo!"

Likizo ya nani? Watoto wakiwa wadogo theluji ni raha tupu. Unawavisha, unawatoa nje, unawarudisha, unawapa supu ya dengu, wanalala. Mimi nina Dima wa miaka kumi na saba na Qusai wa kumi na minne, na nyumba ina hita moja. Kwa hiyo milango ya vyumba inafungwa, magodoro yanaburutwa mpaka sebuleni, maganda ya chungwa yanawekwa juu ya hita yanukie, na ukoo wote unaishi hapo mpaka jua litoke. Wanangu wanataka nikae nao chumba hichohicho, niwapikie kila wakati, nisiseme, nisiimbe, na nikiweza nisipumue kwa sauti.

"Mama, unatafuna," Dima aliniambia asubuhi ile.

"Nakula mkate. Nifanyeje, nimeze kama nyoka?"

"Sijasema usile. Nasema unatafuna."

Tena sebule yenye hita haina siri. Simu ikitetemeka, vichwa vyote vinageuka. Ukitabasamu peke yako unaulizwa unacheka na nani. Nami nilikuwa na siri, na siri yangu inaitwa Ratib.

Ratib anauza gesi. Lile gari linalopita mitaani likipiga kale kamuziki ka kinanda, watu wakatoa vichwa madirishani kumwita dereva, ndilo lake. Mke wake alifariki zamani, hakumwachia mtoto. Mume wangu naye, Mungu amrehemu, ana miaka sita kaburini. Kwa muda mrefu Ratib alikuwa ananipandishia mtungi mpaka mlangoni, anauegemeza ukutani, macho yake chini kwenye viatu, "Mungu akubariki, mama," huyoo anashuka. Siku moja nilipomshukuru, aliyainua yale macho. Basi. Siku ile niliunguza vitunguu, nikamenya vingine, nikaviunguza navyo.

Tulipanga vizuri, kwa heshima. Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri angekuja na wazee wa kwao kutoka mji wa Salt, wamevaa makoti yao mazuri, wakae sebuleni kwangu na kuniomba kwa kaka yangu Sufyan, ambaye ningemwalika kutoka Zarqa kwa kisingizio cha chakula cha mchana. Sufyan sikumwambia kitu. Ukimtaja mwanamume kabla wazee hawajabisha hodi utaulizwa umemjuaje, na hapo umeshakwisha.

Theluji ikaja. Barabara ya Salt ikafungwa. Na Sufyan, ambaye sikuwa nimemwalika bado, alikuwa ameshafika mwenyewe Jumatano jioni na mkoba mdogo na habari kubwa, akanasa kwangu.

"Nimeshamaliza kila kitu," alisema tena Ijumaa asubuhi, blanketi langu begani kwake kama joho la shehe. "Ghorofa yangu ya juu iko wazi. Barabara zikifunguka tu, lori linakuja. Mnahamia kwangu."

"Kaka, watoto wana shule."

"Zarqa hakuna shule?"

"Dima ana mtihani wa mwisho mwaka huu."

"Mtihani ni uleule. Hanadi, wewe ni mjane, na binti ndani ameshakuwa mkubwa. Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Watu."

"Wana majina hao watu?"

Akageukia jikoni. "Ile supu imebaki?"

Ndiye kaka yangu huyo. Ukimbana kwa maneno anadai chakula. Si mtu mbaya, nisimwonee. Nilipofiwa alilala mlangoni kwangu siku zote za matanga na hakuondoka mpaka aliponiona ninakula. Lakini akishapanga jambo analipanga kama fundi anavyopanga matofali, na wewe ndiye saruji, huulizwi.

Kwa hiyo mambo yangu yalikuwa wazi kabisa. Theluji ikiyeyuka, atakayewahi ndiye atakayenichukua, lori la kaka au wazee wa Salt. Na wazee wa Salt nawajua kwa sifa, mpaka wamalize kuulizana nani atangulie kuingia garini, lori litakuwa limeshapakia kabati langu.

"Mama, lile sinia kubwa la wali wa mansaf liko wapi?" Qusai aliuliza, ameshavaa soksi mikononi badala ya glavu.

"La nini?"

"La elimu."

Nilipotoka kumfuata, sinia langu tayari lilikuwa mtaani. Na mtaa, nikwambie, ulikuwa umefurika. Watu wazima na ndevu zao wanateleza kwa mabeseni. Mama Shadi, na mwili wake ule, anashuka mteremko amekalia kipande cha zulia la plastiki, anawapungia watu mkono kama malkia. Nilikuwa nimekuja kugomba. Qusai akanishika mabega akanikalisha juu ya sinia na kunisukuma kabla sijamaliza jina la Mungu.

Nilipiga kelele mpaka chini. Nilipofika chini nikagundua kelele zimegeuka kicheko, na sikujua zimegeukia wapi.

"Mama unaruka!" Dima alikuwa anapiga picha kwa simu yangu, yake ilikuwa imeisha chaji. Alikuwa amekunja mwili kwa kucheka, pua nyekundu, meno yote nje. Uso ule nilikuwa sijauona muda mrefu. "Rudia! Mama, rudia, hukuonekana vizuri!"

Nikarudia. Tukarudia wote watatu kwenye sinia moja tukaanguka. Kisha tukajaza bakuli theluji safi kutoka juu ya ukuta, tukaimwagia asali ya zabibu, tukala kwa kijiko kimoja tukinyang'anyana. Hakuna aliyeniambia natafuna. Kama Mungu angenisimamishia siku pale nisingelalamika.

Qusai akamnyang'anya dada yake simu ajione kwenye picha, simu ikamponyoka ikazama kwenye theluji. Kuanzia hapo ikawa haisikiki sikioni, inasema kwa spika tu. Dima ndiye aliyeifukua. Akaifuta kwa mkono wa sweta, na wakati anaifuta ikatetemeka. Akasoma. Nikaona kicheko kinazimwa usoni kwake kama taa.

"Mtu wako," alisema, akanipa, akageuka kupanda mteremko peke yake.

Ratib alikuwa ameandika: *Leo ndiyo ilikuwa siku yetu. Suti iko ukutani, tunatazamana.*

Dima alikuwa anajua kuhusu Ratib tangu mwezi uliopita. Alichokuwa hajui ni Ijumaa. Nilimkuta jikoni amesimama kwenye baridi, hajavua hata koti.

"Kwa hiyo ilikuwa leo."

"Punguza sauti, mjomba wako yuko hapo."

"Ungetuambia lini? Wakishakaa? 'Dima leta kahawa, na salimia, huyu ndiye baba yako mpya'?"

"Hakuna anayekuletea baba."

"Unajua shuleni itakuwaje? Lile gari likipita sasa hivi tu, darasa zima linaimba ule muziki. Darasa zima, mama! Mwalimu mwenyewe anaimba. Nitaitwa Binti Mtungi mpaka nizeeke."

Nikacheka. Sikukusudia, kilinitoka.

"Umeona? Unacheka."

"Mwanangu, kazi ya halali haina—"

"Si kazi!" Akaangalia mlango, akashusha sauti. "Si kazi. Unakaa na ile simu unacheka peke yako, jikoni, mlango umefunga. Nakusikia. Sisi hutuchekei hivyo."

Mama mwenye akili angeweka mwiko chini akamkumbatia. Mimi nilikuwa nimesimama tangu alfajiri, nimewapikia watu wasioshiba, posa yangu imefukiwa kwenye theluji, kaka yangu ananipanga kama tofali. Nikasema, "Na nyinyi mnanipa nini cha kuchekea? Nikila unaniambia natafuna!"

Akanitazama. Halafu akachukua bakuli la mjomba wake, akalijaza supu, akatoka nalo. Mlango hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Baada ya chakula hita ikakohoa. Moto ukawa mdogo, ukarukaruka, ukafa.

"Nini hiyo?" Sufyan aliuliza ndani ya blanketi.

"Gesi imekwisha."

"Mtungi wa akiba?"

"Uko jikoni. Ndio uliokupikia tangu ulipofika, na sasa umebaki na pumzi ya chai moja."

"Basi piga simu kwa mtu wa gesi."

"Theluji hii, kaka, nani atakuja?"

"Piga. Mwanamke gani hana namba ya mtu wa gesi?"

"Anayo," Qusai alisema. Nilimgeukia. Alikuwa anaangalia dari kama mtu anayehesabu nyufa. Kumbe huyu naye alikuwa anajua, na aliyebaki gizani nyumba nzima ni kaka yangu tu.

Nikatafuta namba. Tangu Jumatano nilikuwa natamani kupiga simu hiyo, nikitafuta upenyo hata wa chooni, na sasa naamriwa kuipiga mbele ya watu, kwa simu inayosema kwa spika. Ikaita mara moja tu.

"Roho yangu!" Sauti ya Ratib ilijaa sebuleni. "Nilijua uta—"

"Bwana wa gesi!" nilipiga kelele kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. "Bwana wa gesi, ni Mama Qusai wa Ashrafiya! Niko hapa na kaka yangu! Kaka yangu Sufyan! Hita imezimika!"

Kikohozi.

"Ndiyo, mama. Msalimie sana kaka. Mtungi mmoja?"

"Mmoja. Ukiweza. Kama barabara—"

"Naweza."

Akakata. Sufyan alikuwa ameinua kichwa.

"Amekuitaje yule?"

Aliyejibu ni Dima, amejifunika mpaka puani. "Wauza gesi wote ndivyo wanavyoongea, mjomba. Ndiyo biashara yao. Mimi ananiita waridi."

"Mji huu hauna adabu," Sufyan alisema. "Zarqa ukimwita mke wa mtu roho yako unapigwa kiatu."

Dima akanisogelea kama anayetafuta joto. "Umenifanya niseme uongo," alininong'oneza. "Na sijawahi kuitwa waridi."

Alifika alasiri. Gari alikuwa ameliacha chini kabisa, matairi yalikataa, akaupandisha mtungi begani ngazi zote za mlima. Nilijua anakuja kabla hajabisha, kwa sababu madirisha ya jengo yalianza kufunguka moja baada ya jingine, na Mama Shadi alisikika akimwuliza toka juu, "Unampelekea nani, mwanangu, hali hii?" Jibu sikulisikia. Nilichosikia ni miguu ya Mama Shadi ikishuka ngazi.

Nilifungua mlango. Ratib alikuwa mweupe nyusi na kope, ovaroli imelowa mpaka magotini, mikono mitupu imekuwa rangi ya bilinganya. Tulitazamana kwa muda wa kuvuta pumzi. Ningetaka kumfuta ile theluji kwenye nyusi. Mkono wangu mmoja ulishaanza safari, nikauzuia kwa kushika shela yangu.

"Karibu, bwana," nilisema.

"Starehe, mama," alisema, na macho yake yakasema mengine.

Akabadilisha mtungi mwenyewe. Vidole vilikataa kufunga nati, Qusai akamsaidia. Hita ilipowaka Sufyan alifurahi, na kaka yangu akifurahi hukumbuka malezi ya nyumbani.

"Wallahi huondoki hivyo," alimwambia. "Kaa upate joto. Dima! Kahawa!"

Ratib akakaa ukingoni mwa kochi asililoweshe. Dima akaleta dele la kahawa na mafinjani, uso umefungwa kama duka la siku ya msiba. Akammiminia. Ratib akalipokea finjani kwa mkono wa kulia kama inavyotakiwa. Mkono ukaanza kutetemeka, kahawa ikapanda ukingoni, na kabla haijamwagika kwenye zulia langu akaliweka finjani mezani, mikono akaiingiza kwapani.

Vichwa vyote vikageukia finjani.

Kwetu mgeni akiliweka finjani chini bila kulionja, amesema kwamba ana haja, na hatakunywa chako mpaka umjibu. Ndivyo wazee wanavyoomba wake, ndivyo wanavyoomba msamaha wa damu. Mtoto mdogo analijua hilo. Sufyan amekaa kwenye posa zisizo na idadi. Mgongo wake ulinyooka wenyewe, blanketi likaanguka, akawa mzee wa kikao kabla hajajijua.

"Kunywa kahawa yako, ndugu," alisema polepole. "Au una haja?"

Ratib akaliangalia lile finjani kama mtu mwingine ndiye aliyeliweka. Nikamwona anaelewa. Shingo ikamwiva. *Sema ni baridi,* nilimwomba moyoni. *Cheka, lichukue, unywe, uende. Njoo Ijumaa nyingine na wazee wako na suti yako. Si hivi. Si na ovaroli, soksi zinachuruzika, magodoro yametandazwa sakafuni na soksi za Qusai zinakauka kwenye kiti.* Akafungua mdomo, na nikaona kabisa uongo umeshafika kwenye ulimi.

Halafu akanitazama. Mbele ya kaka yangu, mbele ya wanangu, hakuangalia viatu.

"Nina haja," alisema.

"Sema."

"Namwomba dada yako Hanadi, kwa sheria ya Mungu na Mtume wake. Wazee wangu wako Salt, theluji imewafungia. Nisamehe nimekaa mbele yako peke yangu na nguo hizi."

Nje ya mlango mtu alisema "Ya salaam!" na mtu mwingine akamwambia "Shhh!"

Sufyan alimwangalia Ratib, akaniangalia mimi, akaiangalia simu yangu pale mezani.

"Kumbe ndiyo 'roho yangu,'" alisema.

"Kaka—"

"Wewe nyamaza. Bwana, kwenu wanaume wamekwisha? Mtu anaomba mke na ovaroli? Anaomba peke yake kama anayeomba kiberiti?"

"Wapo, kaka. Walikuwa waje leo."

"Basi ungewangoja."

"Nilikuwa nawangoja," Ratib alisema. "Mikono yangu ndiyo haikungoja."

Qusai akacheka, akajidai anakohoa. Sufyan hakucheka. Akalivuta blanketi begani. "Mimi sina jibu. Dada yangu anahamia Zarqa barabara zikifunguka, yeye na wanawe, mambo yameshapangwa. Kahawa yako iache hapo ilipo."

Kumwambia mtu aliache finjani limejaa ni zaidi ya kumwambia hapana. Heri umtemee mate. Ratib alisimama. Hakubisha, hakupandisha sauti. "Mungu akuweke, kaka," alisema, akaenda mlangoni akainama kuvaa viatu vyake. Kamba zilikuwa zimeganda, akawa anazivuta na vile vidole vyake vibovu, hazifungi. Nilimwona mgongo. Miaka yote ile nilikuwa nikimwona mgongo hivyohivyo, akishuka ngazi.

Kitu kikanipanda kifuani, na sikitafutii jina zuri. Hasira. Nikainama mezani, nikalichukua lile finjani, nikalinywa lote. Lilikuwa limeshapoa, chungu, hiliki tupu kooni.

Sufyan aliruka. "Umefanya nini wewe?"

"Nimekunywa."

"Hiyo ni kahawa ya mwombaji!"

"Na anayeombwa ni nani? Anaombwa Sufyan? Mnanigawa humu ndani kama mkate wa kwenye foleni, huyu anavuta huku, yule anavuta kule, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo akaniuliza, 'Hanadi, wewe unasemaje?' Sasa nimesema. Lori lako likija lipakie makochi, uende nayo. Mimi siendi."

"Hanadi, watu—"

"Watu wako hapo nyuma ya mlango, kaka. Fungua uwaulize majina yao."

Sauti yangu ilikuwa imepanda mpaka ikanivunjikia. Nikabaki nimesimama na finjani tupu. Sufyan simwogopi, tutagombana na tutapatana. Lakini Dima alikuwa amesimama pembeni ya hita, dele mkononi, ananitazama kwa lile jicho la jikoni. Na nikajua kwamba huyu akisema hapana mbele ya watu nitakaa chini, nitamwacha mtu wangu ashuke ngazi, na sitamwita tena. Kwa huyu sina nguvu.

"Dima," nilisema.

Akaja. Akanitoa finjani mkononi. Akachungulia ndani, akalikung'uta tone la mwisho. Nilidhani analipeleka jikoni. Akalijaza upya, moshi ukapanda, akapita kati ya magodoro mpaka mlangoni na kusimama mbele ya Ratib aliyekuwa bado anapigana na kamba za viatu.

"Ami."

Ratib akainua kichwa.

"Mama yangu anapiga kelele sana," Dima alisema. "Na anatafuna. Ujue mapema."

"Najua kelele. Kutafuna sijamsikia."

"Utamsikia." Akamnyooshea finjani. "Na akicheka asifunge mlango. Sisi pia tunataka kusikia."

Ratib hakulichukua. Aliangalia juu ya bega la Dima, kwa Sufyan, kwa sababu yeye ni mtu wa adabu na neno lilikuwa bado la wanaume. Kaka yangu akageuza uso dirishani. Nje theluji ilikuwa imeanza tena, na mteremko mzima watu walikuwa wanapiga kelele za furaha.

"Ananitazamia nini mimi?" Sufyan aliliambia dirisha. "Mtoto si amemwambia anywe? Anywe basi, afunge mlango, joto lote linatoka!"

Mlango haukufungwa. Ulifunguliwa mpaka ukutani. Mama Shadi aliingia wa kwanza na vigelegele vya kupasua masikio, nyuma yake jengo zima, watu na theluji yao miguuni juu ya magodoro yangu, mmoja ananibusu, mwingine anauliza sukari iko wapi, mwingine anamwuliza Sufyan harusi lini. Na mimi niliyeingoja siku ile kwa hamu yote hiyo sikumwona Ratib akinywa. Nilijaribu kusimama kwa ncha za vidole, Mama Shadi amenikaba shingoni analia. Nilichofanikiwa kuona ni mkono wa Ratib tu, juu ya vichwa vya watu, mkono ule mwekundu wa baridi, umeinua finjani limepinduliwa nione kwamba hakubakiza.